Diski zikifa mfululizo, chapa iwe ya mwisho kulaumiwa

Kampuni zinazotengeneza diski ngumu za sahani zimebaki tatu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Majina mengine unayoyaona juu ya makasha, kama ADATA, Transcend au Verbatim, ni ya wanaonunua diski kwa mmoja wa hao watatu na kuivisha plastiki yao. LaCie ni mali ya Seagate tangu 2012. Maxtor ilimezwa na Seagate mwaka 2006, na kitengo cha diski cha Samsung kikafuata 2011. Fujitsu ilikwenda Toshiba 2009, HGST, iliyokuwa kitengo cha diski cha Hitachi, ikanunuliwa na Western Digital 2012. Kwa hiyo anayeapa kutonunua tena chapa fulani, akiapa mara tatu amemaliza soko.

Jina la kampuni halikuambii mengi kwa sababu nyingine pia. Kiwanda kilekile hutoa diski nzuri na diski mbovu, tena kwa kupishana miaka michache tu. Seagate ST3000DM001 ya TB 3 ilikufa kwa wingi hadi kampuni ikashtakiwa mahakamani Marekani mwaka 2016. Seagate hiyohiyo ikatoa ST6000DX000 ya TB 6, ambayo imezeekea kwenye seva za kampuni ya Backblaze kwa vifo vichache sana. Deskstar 75GXP za IBM za mwaka 2000 zilikufa hadi watumiaji wakazibandika jina la Deathstar. Kitengo hicho kikauzwa kwa Hitachi, kikawa HGST, na miaka kumi na kitu baadaye diski za HGST zikawa miongoni mwa imara kuliko zote katika takwimu za Backblaze. Linganisha modeli, yaani ile namba ndefu iliyochapwa kwenye lebo, siyo nembo iliyo juu yake.

Backblaze ni kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data inayotoa hadharani takwimu za diski zake, kuanzia za mwaka 2013. Ni chanzo kizuri, ila kina mtego. Kiwango cha vifo kwa mwaka hupatikana kwa kugawa idadi ya diski zilizokufa kwa jumla ya siku ambazo diski zote zimefanya kazi, kisha kuzidisha kwa 365. Chukua mfano wa modeli yenye diski 60 tu, moja ikafa ndani ya robo mwaka. Siku za kazi ni kama 5,460, sawa na miaka 15, na kiwango kinatoka karibu 6.7%. Kama diski hiyo moja isingekufa, kingekuwa sifuri. Modeli yenye diski mia chache au chini ya hapo iruke. Angalia zenye maelfu, na soma safu ya miaka yote badala ya robo mwaka ya mwisho. Kumbuka pia kwamba diski hizo zinaishi kwenye chumba chenye ubaridi na umeme uliotulia, tofauti na kasha lililobanwa nyuma ya televisheni.

Kwa jumla, diski zao zote zikichanganywa, kiwango kimekuwa kikizunguka 1% hadi 2% kwa mwaka. Sasa piga hesabu. Ikiwa kila diski ina uwezekano wa 1.5% kufa ndani ya mwaka, uwezekano wa diski zako tatu kufa zote mwaka mmoja kwa bahati mbaya tu ni kama 3 katika milioni moja. Zikikufia mfululizo, hasa za chapa tofauti, tafuta kitu ambacho zote zilishirikiana. Kwa kawaida kipo, na mara nyingi ni umeme.

Kinachoua diski kabla ya wakati wake

Diski ya inchi 3.5 hutumia volti 12 kwa mota na volti 5 kwa saketi. Ikishatulia hula wati 5 hadi 8 hivi, lakini wakati sahani zinaanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Diski nne zikiwaka pamoja zinadai ampea 8 kwa sekunde kadhaa. Pawa saplai iliyochoka itashusha volti wakati huo huo, diski zitasita, vichwa vitarudi kwenye maegesho, na zitaanza upya. Pima kwa malitimita kwenye plagi iliyobaki wazi: waya wa njano na mweusi usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Pima wakati kompyuta inawaka, kwa sababu ikishatulia hata pawa saplai mbovu husoma vizuri.

Diski ya nje ya inchi 3.5 ina ugonjwa wake. Adapta yake, kwa kawaida ya volti 12, huzeeka mapema kuliko diski yenyewe. Dalili zake humdanganya mtu: diski inazunguka, inagonga mara mbili tatu, inazima, inaanza tena. Kabla ya kuitangaza marehemu, ijaribu kwa adapta nyingine yenye volti ileile, ncha zilezile na ampea zisizopungua. Na usichomeke adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19 kwa sababu tu tundu limeingia. Ukibahatika, diodi ya ulinzi kwenye ubao ndiyo itakayoungua peke yake.

Ndogo za inchi 2.5 hutumia volti 5 peke yake, kutoka kwenye USB. Kuanza kuzunguka kunaweza kudai karibu ampea 1, ilhali tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900. Ongeza waya mrefu mwembamba au kigawanyaji cha USB (hub) kisicho na umeme wake, na diski itakuwa inapotea na kurudi katikati ya kunakili. Waya mfupi, tundu la nyuma la kompyuta ya mezani au kigawanyaji chenye adapta yake humaliza tatizo hili.

Umeme ukikatika ghafla, diski hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka ili kurudisha vichwa maegeshoni. Njia hiyo ipo kwa dharura, na ni ngumu kwa vichwa kuliko kuegesha kwa kawaida. Data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya diski hupotea, na mara nyingi huchukua jedwali la faili pamoja nayo. UPS ndogo, yaani betri inayoipa mashine dakika tano za kujizima yenyewe huokoa diski nyingi kuliko mabadiliko yoyote ya chapa.

Kuegesha vichwa kuna hesabu yake. Diski za mezani hukadiriwa kuhimili maegesho 300,000 hivi, za NAS (sanduku la kuhifadhi faili kwenye mtandao) 600,000. WD (Western Digital) Green za zamani ziliegesha baada ya sekunde 8 tu bila kazi, na programu yoyote iliyokuwa ikigusa diski kila baada ya muda mfupi ilizifanya ziegeshe na kuamka usiku kucha. Maegesho moja kwa dakika ni 1,440 kwa siku, na 300,000 hufika ndani ya siku 208. Tazama sifa namba 193 kwenye SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Ikipanda kwa mamia kila siku, rekebisha muda wa kuegesha kwa `hdparm -B` au kwa programu ya mtengenezaji.

Joto huogopwa kuliko inavyostahili, isipokuwa likizidi kweli. Utafiti wa Google wa mwaka 2007 uliofanywa juu ya zaidi ya diski laki moja ulikuta uhusiano wa joto na vifo ni hafifu kuliko watu walivyodhani, ukionekana zaidi kwenye joto la juu sana na diski zilizozeeka. Watengenezaji wengi huweka mwisho kwenye nyuzi 60. Mimi hulenga kati ya 30 na 45. Diski ya inchi 3.5 ndani ya kasha la plastiki lisilo na feni huweza kupita 55 wakati wa kunakili kwa saa kadhaa, na feni moja ya polepole inayopuliza juu yake huishusha vizuri.

Mtikiso ni jambo jingine kabisa. Kichwa huelea nanomita chache juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya inchi 2.5 ikiwa imezimwa huhimili pigo zaidi ya mara mbili ya lile inaloweza kuhimili ikiwa inazunguka. Basi chomoa, subiri sekunde 15 sahani zisimame, ndipo uinue. Diski ya ndani ifungwe skrubu zote nne. Na kama diski zako zote zilisafirishwa kwenye boksi moja lenye karatasi mbili za kufungia, usishangae zikifuatana kufa. Lawama hapo ni ya aliyezifunga.

Soma maiti kabla ya kununua nyingine

Amri ya kusoma SMART kwenye Linux ni `smartctl -a /dev/sda`. Diski ya USB mara nyingi huhitaji kuongezewa `-d sat`. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo huonyesha mambo yaleyale. Namba za kutazama ni chache: 5 (sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizohamishwa), 187 (makosa yasiyorekebishika), 188 (amri zilizochelewa), 197 (sekta zinazosubiri uamuzi) na 198 (sekta zilizoshindikana). Zote tano ziwe sifuri, na usomaji uwe wa thamani ghafi, siyo ile iliyopangwa kwa kipimo cha 100 au 200. Kwa diski za Seagate, sifa 1 na 7 huonyesha thamani ghafi za mamilioni. Ndivyo zinavyoandikwa, usihangaike nazo.

Sifa 199 ndiyo inayowaokoa wengi. Ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na maana yake karibu daima ni waya wa SATA (ule wa data unaounganisha diski na kompyuta) au plagi iliyolegea. Kwa kawaida namba hii hairudi sifuri, kwa hiyo iandike, badilisha waya, kisha angalia kama inaendelea kupanda. Diski nyingi zilizorudishwa dukani kwa hasira zilikuwa nzima.

Hata hivyo, SMART safi si hati ya uzima. Katika utafiti uleule wa Google, 56% ya diski zilizokufa hazikuwa na alama yoyote kwenye ishara nne kuu. Upande wa pili, diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Kwa hiyo alama ikionekana iamini, isipoonekana usijipe moyo.

Kama diski inakufa ikiwa na data usiyo na nakala yake, usiendeshe programu za kurekebisha kama `chkdsk` wala `fsck` juu yake, maana huandika na kuvisukuma vichwa huku na huku. Nakili diski nzima kwanza: `ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img ramani.map`, kisha pitisha mara ya pili kwa `-d -r3` ukitumia ramani ileile ili irudie sehemu ngumu tu. Kazi ya kurekebisha mfumo wa faili ifanyike kwenye nakala ya faili hilo la `picha.img`. Ikiwa inagonga kwa mpigo uleule bila kuonekana kabisa, zima umeme, kwa sababu kila dakika ya kugonga inaweza kuwa kichwa kinachokwangua sahani. Kubadili ubao wa saketi na wa diski inayofanana ni ushauri uliopitwa na wakati, kwani ubao wa diski za kisasa hubeba vipimo vya diski hiyo tu, na chipu yake lazima ihamishwe pia.

Kununua

Jambo la kwanza ni aina ya uandishi, hata kabla ya ukubwa. Diski za SMR huandika mistari ya data ikipandiana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mstari mmoja hudai kuandika upya iliyo jirani. Kwa kuhifadhi picha mara moja na kuziacha, hazina ubaya. Kwa RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), ZFS (mfumo wa faili unaounganisha diski vivyo hivyo) au mashine inayoandika siku nzima, hukwama, kidhibiti huchoka kusubiri, na diski nzima hutupwa nje ya kundi ikionekana imekufa. Mwaka 2020 Western Digital ililazimika kukiri kwamba WD Red za TB 2 hadi 6 zenye herufi EFAX zilikuwa SMR, na zile za uandishi wa kawaida, CMR, zikahamia jina la Red Plus. Seagate Barracuda ST2000DM008, ST4000DM004 na ST8000DM004 ni SMR. Toshiba P300 za TB 4 na 6 ni SMR. IronWolf ya Seagate, Red Plus na Red Pro za WD, na N300 ya Toshiba ni CMR. Watengenezaji wote watatu sasa wana orodha za modeli na aina zake, kwa hiyo muuzaji asiyeweza kukutajia namba kamili ya modeli usimpe pesa.

Jambo la pili ni daraja. Diski za mezani kwa kawaida hukadiriwa kwa TB 55 za kusoma na kuandika kwa mwaka, dhamana miaka 2. Za NAS ni TB 180, miaka 3. Za NAS zenye neno Pro ni TB 300 au zaidi, miaka 5. Za seva, kama Exos, Ultrastar, WD Gold na Toshiba MG, ni TB 550, miaka 5. Saa za wastani kabla ya kufa zinazochapwa kwenye kijitabu zigeuze kuwa asilimia: saa milioni 2.5 ni kama 0.35% kwa mwaka, saa milioni 1 ni kama 0.9%. Hizo ni ahadi za maabara. Mimi huamini zaidi miaka ya dhamana, kwa sababu hapo mtengenezaji ndiye anayelipa akikosea.

Diski za NAS na za seva zina tofauti moja muhimu: zikikutana na sekta mbaya hukata tamaa baada ya sekunde 7 na kuiachia RAID irekebishe. Diski ya mezani inaweza kuhangaika dakika nzima. Kwa modeli zinazokubali, `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda` huweka kikomo hicho, ingawa nyingi husahau zikizimwa.

Ukinilazimisha kutaja majina: kwa sanduku linalowaka siku zote lenye diski mbili au zaidi, Red Plus, IronWolf au N300 yoyote iliyopo kwa bei nzuri. Kelele zisipokusumbua, nenda kwenye daraja la seva, hasa kuanzia TB 12, ambako tofauti ya bei na za NAS mara nyingi ni ndogo na dhamana ni ndefu zaidi. Kwa diski mbili zinazoakisiana, nunua moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile. Kasoro ya kiwandani au ya programu ya ndani ya diski (firmware), kama ile ya Seagate 7200.11 iliyofanya diski zisitambulike kabisa mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, haitazigonga zote mbili. Kwa diski ndogo za kubeba mfukoni chapa haina uzito hivyo, maana za TB 1 na kuendelea karibu zote ni SMR. Zingatia tu kwamba nyingi za WD zina tundu la USB lililochomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski: tundu likivunjika, huwezi kuitoa na kuichomeka kwa SATA. Anayesafiri na diski kila siku achukue SSD, isiyo na sahani.

Ukishaipata, thibitisha kwamba ni mpya. Sifa 9 ionyeshe saa chache mno, sifa 12 mara chache za kuwashwa. Namba hizo hufutika, na mwanzoni mwa 2025 ilibainika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya kufutwa. Kwa diski za Seagate, `smartctl -l farm` kuanzia toleo la 7.4 husoma kumbukumbu nyingine ya ndani, na saa zake zikipishana mno na za sifa 9, rudisha mzigo. Ingiza pia namba ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama dhamana ni yako au ilikuwa ya kiwanda kilichojenga kompyuta.

Kisha itese kabla ya kuiamini. Anza na `smartctl -t short`, halafu `badblocks -wsv -b 4096 /dev/sdX`, ambayo hufuta kila kitu, kwa hiyo hakiki herufi ya diski mara mbili. Huandika na kusoma ruwaza nne, yaani mipito minane. Diski ya TB 4 yenye wastani wa MB 150 kwa sekunde huchukua kama saa 7.4 kwa mpito, karibu saa 59 kwa jumla. Kwa zinazozidi TB 16 tumia `-b 8192`, vinginevyo itakataa. Maliza kwa `smartctl -t long` na usome tena sifa 5, 197 na 198. Sekta moja tu ikiwa imehamishwa ndani ya wiki ya kwanza, irudishe wakati duka bado linakubali kubadilisha. Usisikilize maneno ya kwamba sekta moja si kitu: kwa diski ya miaka minne ni kweli, kwa diski mpya sivyo.

Baada ya hapo iachie ulinzi `smartd`, programu inayoikagua diski yenyewe kwa ratiba. Mstari mmoja ndani ya `/etc/smartd.conf` unatosha: `DEVICESCAN -a -s (S/../.././02|L/../01/./03) -m root`. Utafanya jaribio fupi kila siku saa nane usiku na refu tarehe 1 ya kila mwezi saa tisa usiku, na kukuandikia barua kosa likitokea. Barua ya sifa 197 ikija, hakikisha kwanza nakala ya data iko mahali pengine na inafunguka, ndipo uandike juu ya sekta hiyo. Ikirudi sifuri na 5 isipande, diski inaweza kuendelea na kazi isiyo ya maana sana. Ikiongezeka tena ndani ya mwezi, agiza nyingine.